Mzinga wa Glifada

Kivuva wa Ndululu alikuwa mtu wa kukaa kwa kalio moja. Mpe kiti, mpe kigoda, mpe jiwe laini la kukalia pale sokoni Kathonzweni, atakalia upande mmoja tu, na mguu wa upande wa pili utakuwa umeelekea barabarani, kama mtu aliyeambiwa asubiri kidogo ataitwa. Watu walisema ni Ugiriki iliyomfanya hivyo. Mkewe, Mumbua, ambaye alimjua kabla ya Ugiriki, alisema hapana: alizaliwa hivyo, Wagiriki walimpata ameshaharibika.

Alirudi mwaka wa sabini na nane akiwa na sutikesi moja ya ngozi, redio, na mji mzima kichwani. Mji huo unaitwa Glifada. Baada ya miaka miwili hapakuwa na mtu Kathonzweni, kuanzia mzee wa kanisa mpaka mbuzi wa mzee wa kanisa, ambaye hakujua Glifada iko wapi. Kivuva aliuchora kwa kijiti kwenye vumbi, karibu kila siku, mbele ya pale Nzioka alipochongea mizinga ya nyuki. Nzioka hakuwa na duka. Alikuwa na tezo, gogo, na kivuli cha mgunga mmoja mkubwa hapo hapo kwenye steji ya basi, na kivuli hicho alikilinda kama shamba la urithi.

"Hapa ni bahari," Kivuva angeanza, akivuta mstari. "Iko upande wa jua kutua. Hapa nyuma ni mlima, unaitwa Imitos. Ni kama vilima vya Mbooni lakini umenyolewa. Mawe, misonobari kidogo, na majani fulani mafupi yanayonukia. Glifada yenyewe iko katikati, imebanwa na bahari na mlima kama maharagwe ndani ya chapati. Upande huu ni uwanja wa ndege. Ndege ikishuka, vikombe vinacheza kabatini. Ukipita uwanja wa ndege, ukaendelea, unafika Athene."

"Athene ya Paulo?" Kila mara alikuwepo mtu wa kuuliza hivyo. Kathonzweni ni watu wa Biblia.

"Ya Paulo mwenyewe! Tena pale Glifada, karibu na maji, kuna mawe ya kanisa la zamani sana, limebaki msingi tu. Wazee wa pale husimulia kwamba Paulo alishukia hapo."

"Ulimwona?" Nzioka aliuliza bila kuinua macho kutoka kwa gogo lake.

"Nani?"

"Paulo."

"Nzioka, wewe utakufa mjinga."

"Nitakufa mjinga nikiwa kwetu. Endelea, Mgiriki."

Na Mgiriki angeendelea. Angesema jina lenyewe la mji limetokana na visima vya zamani, ambavyo maji yake yalikuwa ya chumvichumvi. Hapo watu walichangamka, kwa sababu maji ya kisima cha Kathonzweni ukichemshia chai unahisi umeweka magadi. Nzioka akasema, "Kwa hivyo ulipanda meli ukaenda kunywa maji ya hapa." Kivuva angesema zamani Glifada ilikuwa mashamba ya mizabibu na wavuvi wachache, halafu miaka ya ishirini wakaja wakimbizi kutoka upande wa Uturuki na mabunda yao vichwani, halafu wakaja matajiri wa meli wakajenga majumba ya ukuta mweupe. Angesema kuna uwanja mkubwa kama soko zima na zaidi, umepandwa nyasi, unanyweshwa maji kila siku, na hakuna ng'ombe hata mmoja anayeruhusiwa kuingia, kwa sababu ni wa wazee kupigapiga kampira kadogo kwa fimbo. Watu walitikisa kichwa kwa uchungu wa nyasi. Lakini waliamini.

Kitu ambacho hawakuamini kilikuwa basi.

"Saa moja na dakika nne," Kivuva alisema, akisimama, maana jambo hilo hakuweza kulisema akiwa amekaa. "Basi la barabara ya pwani linaondoka. Likiwa na watu linaondoka. Likiwa na mtu mmoja linaondoka. Likiwa tupu, linaondoka."

"Tupu vipi?"

"Tupu! Dereva na viti."

"Sasa dereva anakwenda wapi?"

"Anakwenda safari yake. Saa imefika."

"Kutembeza viti," Nzioka akasema, na soko likaangua kicheko. Vikombe vinavyocheza walikubali. Paulo walikubali. Basi lenye akili timamu kuondoka bila kujaa, hapana. Siku hiyo walimwambia Kivuva kwamba uongo nao una mwisho wake.

Yeye alitazama basi la Kathonzweni, ambalo lilikuwa limesimama pale tangu alfajiri likingoja watu tisa, na mguu wake ukaanza kucheza.

*

Sasa ni lazima uijue habari ya mizinga, kwa sababu bila mizinga huyu mtu hutamwelewa.

Baba yake, Ndululu, alikuwa na mizinga arobaini. Ilikuwa imetundikwa porini kuanzia Kathonzweni mpaka kuteremkia mto Athi, mingine kwenye miti ya watu ambao Ndululu hakuwahi kuwaona. Kila mzinga ulikuwa umechomwa alama ya ukoo kwa chuma cha moto: mistari miwili na duara. Alama hiyo ilikuwa inatosha. Mwizi mwenyewe akiiona anapita akiwa kama anaiamkia. Ndululu alimfundisha mwanawe mambo mawili. La kwanza, nyuki wakitafuta nyumba hufungi mlango. La pili, mtu hutundika mzinga mahali anapotaka kurudi. Ukitaka kujua moyo wa mwanamume uko wapi, usimuulize, hesabu mizinga yake.

Kivuva aliondoka mwaka wa sitini na saba, Nzilani, binti yao, akiwa bado tumboni. Alisema anakwenda Mombasa wiki mbili kuona bandari. Bandarini akapata kazi kwenye meli ya Wagiriki, kupangusa sitaha na kumenya viazi, na wiki mbili zikawa miaka kumi na moja. Meli hiyo ilitembea miaka miwili, ikafika kwao, ikaegeshwa, ikaota kutu hapo. Mpishi wa meli alikuwa mtu wa Glifada. Akamshika Kivuva mkono akampeleka kwa tajiri mmoja aliyehitaji mtu wa kunyunyizia bustani maji.

Mkubwa wa bustani hiyo alikuwa mzee anaitwa Lefteris. Watu walimwita Barba, ambayo ni kama sisi kusema ami. Barba Lefteris alikuwa na nyuki mlimani Imitos, ndani ya visanduku vya rangi ya buluu. Yale majani ya kunukia yakimaliza kuchanua, alipakia visanduku kwenye lori, akawapeleka nyuki kwenye misonobari ya mbali, halafu akawarudisha. Nyuki wa Lefteris walikuwa na safari nyingi kuliko diwani. Kivuva aliwapenda siku ile ile.

Basi mwaka wa sabini na mbili akafanya kosa ambalo Mgiriki hawezi kulifanya hata akilewa. Alichukua gogo la mberoshi lililokatwa bustanini, akalichimba tumbo, akaliziba ncha zote mbili, akalichoma mistari miwili na duara, akapanda mlimani siku ya mapumziko na kulitundika kwenye msonobari wa serikali. Nyuki wakaingia. Kivuva akarudi kazini moyo ukiwa mweupe. Mzinga una alama. Nani ataugusa?

Wakati huo Ugiriki ilikuwa chini ya wanajeshi. Polisi wakaona gogo limening'inia mtini kwa kamba, limechomwa ishara isiyojulikana, na ndani linavuma. Wakauzingira msonobari nusu siku nzima wakidhani ni bomu. Hatimaye mmoja shujaa akalichokoa kwa bunduki, na nyuki wakawaeleza wenyewe. Lefteris na Kivuva waliitwa kituoni.

"Hili gogo ni la nani?" afisa aliuliza. Jicho lake moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe.

"Lakini si umeona alama?" Kivuva akamjibu, akishangaa kweli kweli.

Alidhani dunia nzima inasoma mwandiko wa Ndululu. Lefteris alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akamwambia afisa, "Mwache. Huyu ni mtu wa nyuki." Mzinga ukaachwa pale pale. Na Kivuva aliporudi nyumbani mwaka wa sabini na nane, baada ya barua kufika kwamba Ndululu amefariki, aliuacha umejaa asali.

Nyumbani hakukuta mizinga arobaini. Mwanamke wa Kikamba hapandi mtini kwenye mzinga, kwa hiyo Mumbua alikuwa amewaomba watu, akawasihi watu, na watu wakawa wanakula asali na kumletea masega makavu. Mingine ilianguka, mingine ikaliwa na mchwa. Kivuva akazunguka porini siku tatu, akarudi, akakaa kwa kalio moja.

Miaka sita ilipita hajatundika hata mmoja. Nzioka alimwambia, "Nikuchongee?" Akajibu bado. Alikwenda Mombasa miezi minne, akarudi. Akaenda Kitui mjini kumfanyia kazi Shee, mfanyabiashara wa asali ambaye wazee wake walitoka Lamu, akakaa huko mpaka mvua, akarudi. Akalima, akaacha mtaro katikati. Mumbua hakumuuliza moyo wake uko wapi. Alihesabu mizinga. Hapa, hakuna. Glifada, mmoja.

*

Mwaka wa themanini na nne mvua ilikataa. Mbuzi walikula maboksi. Nyuki walihama, na hakuna aliyewaona wakienda. Mwezi wa tisa barua ikafika kutoka Glifada, imeandikwa na binti ya Lefteris kwa Kiingereza cha shule. Baba magoti yamekwisha, hawezi tena kupanda mlima. Bustani inahitaji mtu, nyuki wanahitaji mtu. Tiketi itamngoja Nairobi, ndege ni asubuhi ya Ijumaa, tarehe ishirini na tano mwezi wa kwanza. Na mzinga wako, aliandika mwishoni, bado una nyuki.

Kivuva aliisoma barua hiyo kwa Nzioka, amesimama. Mumbua akapita akiwa na mtungi wa maji mgongoni, kamba imemkaza kipaji cha uso, akasimama kusikiliza.

"Baba Nzilani," alisema, "ile mara ya kwanza nilikungoja miaka kumi na moja. Nilikuwa na meno yote. Safari hii singoji. Ukienda umekwenda. Siku utakayorudi utakuta mlango ni wa mtu mmoja."

Watu pale stejini wakageuka. Hata Nzioka aliacha tezo.

"Mama Nzilani, nibaki nifanye nini?" Kivuva akasema, sauti ikipanda kwa sababu watu walikuwa wanaangalia. "Unaona nini hapa cha kubakia? Hata nyuki wamehama!"

"Wakirudi?"

"Wakirudi!" Akacheka. "Siku nyuki watakapoingia mzinga wangu hapa Kathonzweni, naapa kwa kaburi la Ndululu, siendi popote. Mmesikia wote."

Wote walisikia, na wote walicheka, kwa sababu mtu huyu hapa Kathonzweni hakuwa na mzinga hata wa kuwekea kuku. Kuapa kwa kitu usichonacho ni rahisi. Mumbua tu ndiye hakucheka. Alirekebisha kamba kichwani akaenda zake.

Mvua ikanyesha mwezi wa kumi na moja, ikanyesha kama inayoomba msamaha. Pori likachanua. Mumbua hakuzungumzia tena barua. Alimpigia pasi shati. Alimtafutia kifungo cha koti. Kivuva alilala vibaya wiki hizo, maana ugomvi alikuwa ameuandalia majibu, na ukimya hakuwa na jibu lake hata moja.

*

Alhamisi ya safari alifika stejini saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Basi lilikuwepo. Ndani yake kulikuwa na watu wanne na jogoo. Sutikesi ikapandishwa juu, ikafungwa kwa kamba. Shee wa Kitui naye alikuwepo, amekaa juu ya mkebe wake mtupu wa asali, kofia safi, anangoja basi hilo hilo limfikishe Machakos.

Mumbua alimsindikiza. Amevaa kitambaa cha kichwa cha akina mama wa kanisa, ambao yeye ndiye mwenyekiti wao. Alimtazama Nzioka. Nzioka akapanda mgunga wake, akafungua kamba, akashuka na mzinga mpya mabegani. Ulikuwa mfupi, kama nusu ya mizinga ya kawaida.

"Ulikuwa unakauka huko juu," Nzioka alisema, kabla hajaulizwa.

"Ni zawadi," Mumbua akasema. "Ukautundike Glifada karibu na ule mwingine. Nimemwambia akate mfupi, wasikusumbue kwenye ndege."

Kivuva akaugeuza. Ubavuni ulikuwa umechomwa mistari miwili na duara. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, si kwa hiki.

"Huu ni wangu?"

"Si umeona alama? Sema wewe mwenyewe ni wa nani."

"Ni wangu."

"Nzioka ana sikio moja bovu. Sema vizuri."

"Ni wangu!" Kivuva akasema kwa nguvu, na kondakta akageuka, na Shee akageuka, na yule jogoo akawika.

"Haya. Safari njema, Baba Nzilani." Mumbua akampa mkono, kama anavyopewa mgeni, akashika njia ya kanisani. Hakuangalia nyuma. Kivuva alimtazama mpaka kitambaa kikapotea nyuma ya maduka, kisha akauweka mzinga chini ya mgunga, akatazama saa.

Saa moja na dakika nne ikapita. Saa mbili ikapita. Alilizunguka basi mara kumi na nne. Dereva hakuonekana. Saa tatu waliingia watu wawili, akatoka mmoja kwenda kununua ndizi, hakurudi.

"Kondakta, tunaondoka saa ngapi?"

"Likijaa, mzee."

"Litajaa saa ngapi?"

"Watu wakija."

"Watu watakuja saa ngapi?"

"Mzee, mimi si nabii. Huko kwenu Glifada ndiko mnaondoka tupu. Hapa tunaogopa Mungu na petroli."

Saa nne, saa tano, saa sita. Kivuva alipanda basi akakaa, akashuka. Akaenda barabarani akatazama upande huu, akatazama upande ule. Jua lilikuwa limepanda na soko lilikuwa kimya kama Jumapili.

"Lakini watu wako wapi leo?" aliuliza.

"Kanisani," kondakta akamjibu. "Leo ni shukrani ya mvua. Akina mama wamepika wali. Hata dereva wangu yuko huko, na hata si mtu wa kanisa."

"Shukrani siku ya Alhamisi? Nani alichagua Alhamisi?"

"Mwenyekiti wa akina mama."

Kivuva aligeuka. Akamtazama Nzioka. Nzioka alikuwa anakwangua gogo kwa bidii ya mtu anayelipwa na mfalme.

Hapo ndipo nyuki mmoja alipokuja. Alizunguka mzinga mfupi, akatua kwenye tundu, akaingia. Akakaa ndani muda wa mtu kukagua nyumba ya kupanga, chumba hadi chumba. Akatoka, akaruka moja kwa moja kuelekea mtoni. Baada ya kidogo wakaja watatu. Baada ya hao wakaja wengi wa kutohesabika kwa vidole.

"Bwana Kivuva," Shee akasema taratibu, akinyoosha pua yake, "samahani kwa kuuliza. Nta hiyo inayonukia humo ndani, mbona kama naifahamu?"

"Nta gani?"

"Nta safi, ya kule Mwingi. Bi Mumbua aliichukua kwangu mwezi uliopita, ratili nzima. Nikamuuliza, mama, ya mishumaa? Akacheka tu. Mcheshi sana yule, Mungu amhifadhi."

Kivuva alipiga magoti akaweka pua kwenye tundu. Nta. Moshi wa majani ya porini. Ilikuwa harufu ya mikono ya baba yake. Mzinga huu ulikuwa umetegwa ili uwavute nyuki, tena na mtu aliyekaa miaka mingi akimtazama Ndululu akitega.

"Nzioka. Umekaa huko juu siku ngapi?"

"Mimi?"

"Mzinga!"

"Siku kumi na mbili."

"Na nyuki walikuwa wanakuja?"

"Mimi ni mchonga mbao," Nzioka akasema. "Mambo ya wageni wanaoingia na kutoka siyaangalii."

Kivuva alisimama. Alikuwa bado na njia. Alijua, kama alivyojua jina lake, kwamba hao waliokuja ni wapelelezi tu, na kundi lenyewe liko njiani. Ukiziba tundu sasa, ukaupakia mzinga juu ya basi, wataondoka watafute kwingine. Alikuwa na kitambaa cha mkono mfukoni, kimepigwa pasi. Alikitoa. Akakikunja mara mbili. Akainama, akakipeleka kwenye tundu.

Kutoka upande wa mto sauti ikaanza. Ilikuwa ndogo kwanza, kama lori linalopanda kilima cha mbali.

Nzioka aliacha kukwangua. Shee alikuwa amesimama, mkebe mkononi. Kivuva alikaa vile vile, ameinama, kitambaa kikiwa kimeligusa tundu. Aliona mlima umenyolewa. Aliona msonobari, na gogo lake la mberoshi, na Lefteris akicheka ameshika ukuta. Kisha nyuki mmoja, aliyekuwa ndani wakati wote, akatoka akatembea juu ya kitambaa, akatafuta njia, akasimama.

Hufungi mlango.

Akakiondoa kitambaa.

Kundi likafika juu ya mgunga kama wingu lililokasirika. Shee alisema bismillahi moja ndefu, akajirusha ndani ya basi akiwa mwepesi kuliko umri wake. Kondakta akapiga bati makofi mawili, akakumbuka dereva yuko kwenye wali, akajitupa kwenye usukani mwenyewe, akawasha. Watu sita, jogoo, mkebe wa asali na sutikesi ya Kivuva juu. Basi la Kathonzweni likaondoka mlango wazi, likatoa vumbi, likapotea.

Kivuva alilikimbilia hatua tatu. Kisha akakumbuka kwamba nyuki wakiwa wanaingia hutakiwi kukimbiakimbia. Akarudi polepole. Akakaa chini kwenye udongo, karibu na mzinga, akatulia kabisa, makalio yote mawili, kwa sababu hapakuwa na namna nyingine. Wakawa wanamtembea shingoni na mikononi, na yeye anapumua kwa pua.

*

Saa tisa Mumbua alikuja na sahani ya wali imefunikwa kwa kitambaa. Nyuki walikuwa wameingia wote, na mzinga ulikuwa umetundikwa tena mahali pake mgungani. Nzioka alikuwa amehamishia kazi yake ng'ambo ya barabara, analalamika kwamba kivuli chake kimenyakuliwa. Mumbua aliiweka sahani mbele ya mumewe.

"Kula, kitapoa."

Kivuva alikula vijiko vitatu. Uso wake ulikuwa umevimba mahali pawili.

"Umeniweza," akasema.

"Mimi nilikuwa kanisani."

"Mumbua."

"Nimefanya nini? Nimekupa zawadi. Kuapa uliapa mwenyewe."

Alikula kijiko kingine. "Nitamwandikia Lefteris. Ule wa kule auchukue. Achome alama yake chini ya yangu."

Mumbua akajikalisha kando yake, kwanza pembeni, halafu vizuri. Alitazama mtini. Hapa, mmoja.

"Sutikesi iko wapi?"

"Imekwenda Nairobi."

"Hata yenyewe haikai." Akatikisa kichwa. "Imeondoka na abiria wangapi humo ndani ya basi? Lilijaa lini, na watu wote walikuwa kwangu wanakula?"

"Halikujaa."

"Aa."

"Liliondoka tupu, Mumbua. Nimeliona kwa macho haya. Saa saba na dakika nne. Liliondoka tu, kama—"

"Baba Nzilani," Mumbua akamkata, akimsogezea sahani, "umeshabaki. Uongo wa Glifada sasa uache."